Utafiti wa selimundu: fedha zinatoka wapi, na mkataba ukiisha tunabaki na nini?

Baba Zawadi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimekaa nao mwezi mzima nikiuandika na kuufuta. Ni mrefu, mnivumilie.

Binti yangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Aligundulika akiwa na miezi tisa, baada ya viganja na nyayo kuvimba na sisi kuhangaika wiki nzima kumchua kwa mafuta ya nazi. Tulipofika kliniki tukaulizwa kama tungependa aingie kwenye utafiti. Fomu ya ridhaa tukasomewa, nikauliza maswali yangu, nikasaini. Miaka mitatu iliyofuata tuliishi kama watu wenye ndugu hospitalini. Nauli tunarudishiwa, damu inapimwa kila baada ya miezi mitatu, tukikosa siku ya kliniki tunapigiwa simu kuulizwa kulikoni.

Kulikuwa na nesi mmoja aliyemfundisha mke wangu kupapasa bandama. Mtoto alale chali, magoti yakunjwe. Vidole vianzie chini usawa wa kitovu, vipande taratibu kuelekea mbavu za kushoto, kila hatua usubiri mtoto avute pumzi. "Ukikuta ncha yake imeshuka kuliko jana, na ulimi umepauka, mama, usingoje kukuche." Usiku mmoja ilishuka. Hatukungoja kukuche. Leo Zawadi yuko darasa la pili.

Halafu mradi ukaisha. Hatukuambiwa. Tulikwenda siku yetu kama kawaida, chumba kile kimejazwa viti vibovu, na dirishani hakuna mtu anayejua tunaulizia nini. Sitataja ni hospitali gani, maana nimekuja kujua kwamba wale vijana wa mradi nao waliachwa vilevile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Nilitaka kujua jambo moja tu: nani analipia utafiti wa ugonjwa huu, na anaamuaje?

Nianze na kilichoniumiza. Selimundu haikosi maelezo. Daktari James Herrick wa Chicago aliandika kuhusu chembe zenye umbo la mundu mwaka 1910, baada ya kuona damu ya kijana wa Grenada aliyekuwa anasomea udaktari wa meno. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba kasoro iko kwenye molekuli yenyewe ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Ndiyo mara ya kwanza ugonjwa wowote kuelezwa kwa namna hiyo. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akatoa ushahidi kutoka huku kwetu Afrika Mashariki kwamba mwenye chembe nusu, yaani aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu na haumwi, ana kinga fulani dhidi ya malaria. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha kwamba asidi amino moja tu, tofali moja la protini ile, imebadilika. Moja! Kwa hiyo wanasayansi walikuwa wanaijua selimundu vizuri kuliko magonjwa mengi, na huku watoto wakiendelea kufa.

Wakifa kwa nini? Wengi kwa maambukizi ya bakteria ambayo bandama iliyoharibika haiwezi kuyazuia. Dawa yake ni penisilini, na penisilini ilikuwa madukani tangu miaka ya 1940. Ila hakuna aliyekuwa amelipia jaribio la kuwapa watoto hawa kila siku kabla hawajaugua. Mwaka 1972 Marekani ikapitisha sheria ya kudhibiti selimundu, Rais Nixon akaisaini, serikali ikaanza kutenga fedha. Mwaka 1986 Dkt. Marilyn Gaston na wenzake wakatoa majibu: penisilini ya kumeza ilipunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84, mpaka jaribio likasitishwa miezi minane kabla ya wakati kwa sababu haikuwa haki kuwaacha wengine bila dawa. Baada ya hapo ndipo upimaji wa watoto wachanga ulipopata nguvu kule.

Na yale mafunzo ya kupapasa bandama? Yalitoka Jamaica. Kuanzia 1973 hadi 1981 Graham Serjeant na wenzake, wakilipwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walipima watoto 100,000 waliozaliwa Kingston, wakawatunza wale waliokutwa na ugonjwa, wakawafundisha mama zao. Vifo vya bandama kujaa damu ghafla vikashuka sana. Niliposoma hapo nilifunga simu nikakaa kimya. Mtu alilipia swali hilo Kingston kabla mimi sijazaliwa, na jibu lake likamfikia mke wangu kupitia mikono ya nesi.

Hapa Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, tuko miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Mwaka 2004 Prof. Julie Makani na wenzake pale Muhimbili walianza kuwafuatilia wagonjwa kwa fedha za Wellcome Trust, mfuko wa hisani wa Uingereza. Ripoti yao ya 2011 ilihusu wagonjwa 1,725: kwa walio chini ya miaka mitano, katika kila watoto 100 wanaofuatiliwa kwa mwaka, saba walifariki. Na hao ni waliokuwa kliniki, wana kadi na wanapigiwa simu! Kuanzia 2017 mtandao wa utafiti wa selimundu uitwao SPARCO, wenye makao yake chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS) na washirika Ghana na Nigeria, ukapata fedha za taasisi ya moyo, mapafu na damu ya Marekani.

Sasa tazameni. Fedha za Uingereza, fedha za Marekani. Nawashukuru kutoka moyoni, mwanangu yu hai kwa sababu yao. Lakini hata Marekani kwenyewe ugonjwa huu unapewa makombo. Kuna utafiti wa mwaka 2020 uliolinganisha selimundu na sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi wa ute mzito kwenye mapafu ambao kule huwapata zaidi wazungu. Wenye selimundu ni kama mara tatu ya wale. Kwa kila mgonjwa, serikali ilitoa wastani wa dola 812 kwa selimundu na dola 2,807 kwa ule mwingine. Mifuko ya hisani: dola 102 dhidi ya dola 7,690. Mgonjwa ambaye jamaa zake hawana fedha, hata swali lake halina wa kuliuliza.

Ninachosema ni hiki: sehemu ya fedha hizi lazima itoke kwetu, hata ikiwa ndogo. Fedha ya mgeni ina tarehe ya mwisho, na inajibu swali la mgeni. Naomba michango yenu, hasa walio ndani ya kazi hizi.

Mlipakodi

Pole mkuu, na hongera kwa mtoto. Ila nikuulize bila kukuudhi. Zahanati ya kijijini kwetu haina dawa mseto ya malaria nusu ya mwaka. Mama anajifungulia kwa mwanga wa simu. Hapo ndipo unataka serikali itenge hela ya utafiti wa ugonjwa wa damu ambao hata si saratani? Kupanga ni kuchagua.

Baba Zawadi

Hujaniudhi, ndugu yangu. Ila hapo kwenye "hata si saratani" ndipo wengi wanapopotea. Neno hilo linafanya watu wadhani ni jambo dogo. Selimundu, himofilia, thalasemia, uloto wa ndani ya mifupa kushindwa kutengeneza damu, yote haya si saratani na yote yanaua. Saratani ina taasisi yake kubwa pale Ocean Road. Damu isiyo na saratani haina mlango wake.

Na malaria hujaitenga na ugonjwa huu. Mwenye nusu ana kinga fulani, sawa, lakini mwenye ugonjwa kamili akipata malaria inammaliza damu haraka sana.

Mpimaji wa Kanda ya Ziwa

Nimefanya kazi maabara kwa miaka kumi na kitu, nimjibu Mlipakodi kwa mfano wa huku kwetu.

Watoto waliozaliwa na mama wenye VVU huchomwa kisigino, matone ya damu hukaushwa kwenye karatasi na kutumwa maabara kupimwa. Karatasi zile zikishapimwa, damu hubaki. Watafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, na wenzao wa Cincinnati, Marekani, wakasema: damu hii ipo tayari, tuipime na selimundu. Wakapima sampuli 17,200 za mikoa ya kaskazini magharibi, matokeo yakatoka 2018. Asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe, asilimia 20.3 wana nusu. Mtoto mmoja kati ya watano amebeba! Uganda walikuwa wameshafanya hivyohivyo kabla yetu.

Utafiti ule haukujenga jengo wala kununua gari jipya. Ulitumia karatasi ambazo zilishalipiwa na fedha za UKIMWI. Kwa hiyo mtu akisema utafiti ni anasa ya matajiri, mimi namwonyesha karatasi ile yenye madoa matano ya damu, ukubwa wa kiganja.

Tatizo ni hatua inayofuata. Umeshajua mtoto yule ana ugonjwa. Nani anampigia mama yake simu? Ana kijiji gani, alibadilisha namba? Hiyo kazi ya kumtafuta mama haina mfadhili wa kudumu, na ndiyo inayookoa maisha.

Dada wa Kilifi

Hamjambo nyote. Mimi niko pwani ya Kenya, kwetu twaita sikoseli. Hospitali yetu ya Kilifi ilikuwa kituo kimojawapo cha REACH, utafiti uliojaribu dawa ya haidroksiyurea kwa watoto wa Afrika, pamoja na Mbale Uganda, Kinshasa na Luanda. Mpwa wangu ni mgonjwa, na ingawa hakuwamo kwenye utafiti wenyewe, dawa anayomeza sasa ni ile iliyojaribiwa.

Nieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo suala la fedha laonekana wazi. Haidroksiyurea si dawa mpya. Ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869. Imetumika miaka mingi kwa saratani, na Marekani iliidhinishwa kwa watu wazima wa sikoseli mwaka 1998. Haina hakimiliki tena, hivyo hakuna kampuni itakayotoa mamilioni kuijaribu kwa watoto wa Afrika, haitarudisha faida. Na madaktari wa huku waliiogopa. Dawa hii hushusha chembe nyeupe. Wakasema, mtoto wa sehemu yenye malaria ukimshushia chembe nyeupe si utakuwa umemuua?

Serikali ya Marekani na hospitali ya watoto ya Cincinnati ndio waliolipia swali hilo. Watoto 606 wakapewa dawa. Matokeo yalitoka Desemba 2018. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, maumivu makali yalishuka kutoka matukio 98 hadi 45. Malaria, ile waliyoihofia, ilishuka kutoka 47 hadi 23. Kuongezewa damu kutoka 43 hadi 14. Vifo kutoka 3.6 hadi 1.1.

Ndugu Mlipakodi, dawa ya sikoseli ilipunguza malaria nusu kwa watoto hawa, na ikaiachia wodi ya uzazi chupa za damu. Mjomba wangu amejitolea damu mara ngapi sijui. Tangu mpwa wangu aanze dawa, hajaitwa.

Mlipakodi

Hilo la chupa za damu sikulifikiria, dada. Nakubali. Dada yangu alipoteza damu nyingi akijifungua na benki ilikuwa tupu, tukazunguka usiku kucha kutafuta watu wa kundi lake. Naendelea kusoma.

Mtu wa Likasi

Jambo wote. Mimi ni wa Kongo, Katanga. Kwetu mtoto akiwa nao tunasema tu "ni SS". Nimefurahi kusikia Kinshasa imetajwa. Profesa Léon Tshilolo, mganga wa kwetu, ndiye jina lake la kwanza kwenye ripoti ile ya REACH. Hilo kwangu ni kubwa. Mara nyingi damu inatoka kwetu, na jina linatoka ng'ambo.

Lakini niwaambie: Likasi hiyo dawa inapatikana siku moja, siku nyingine hapana. Utafiti ulifanyika katika nchi yangu na mtoto wa mdogo wangu anaikosa. Kutoka Kinshasa mpaka kwetu ni mbali kuliko kutoka Kinshasa mpaka kwenye magazeti ya sayansi.

Swahiba wa Sayansi

Mnazungumzia vidonge, na dunia imeshahamia kwenye tiba ya jeni. Desemba 2023 Marekani waliidhinisha tiba mbili kwa siku moja, Casgevy na Lyfgenia. Mgonjwa anatolewa chembe mama, zile zinazozalisha damu, zinarekebishwa, anarudishiwa. Hata kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Tuelekeze nguvu huko kwenye kuponya kabisa.

Baba Zawadi

Ndugu, hakuna mzazi asiyeota hilo. Siku niliyosikia habari za Dodoma nililia ndani ya daladala. Lakini tiba zile mbili zilitangazwa kwa dola milioni 2.2 na milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Uloto unahitaji ndugu anayelingana, na Zawadi hana. Mwaka 2019 NIH, taasisi za serikali ya Marekani za utafiti wa afya, na mfuko wa Gates waliahidi dola milioni 200 kutafuta tiba ya jeni, ya selimundu na VVU, itakayowezekana nchi kama zetu. Mungu awafanikishe. Mimi wakati huohuo nina mtoto wa leo.

Niwaonyeshe mtoto wa leo anavyoishi. Alipoanza haidroksiyurea alikuwa na kilo 12 na nusu. Dozi yake ilikuwa miligramu 250 kwa siku. Kapsuli ninazopata mimi ni za 500 na hazikatwi. Daktari akatuambia tumpe moja, siku ya pili apumzike. Basi kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la saruji, mke wangu akaweka alama ya mkaa kila siku ya dawa. Akiongezeka kilo, hesabu inabadilika. Mwezi ukiwa na siku 31 tunachanganyikiwa tarehe za witiri na shufwa, tunahesabu upya. Dozi ndogo inafaa hapa kuliko kubwa? Mtoto apimwe damu kila baada ya muda gani pale ambapo kipimo kiko kilomita 80? Hayo ni maswali ya utafiti, wakuu. Si ya gharama ya roketi. Hakuna mtu wa Boston atakayeamka usiku kuyawaza, na wala si kosa lake.

Nesi mstaafu

Nimesoma uzi wote nikiwa na miwani ya kuazima. Miaka ya 80 nilikuwa wodi ya watoto. Tuliwaita "watoto wa damu". Mama anakuja na wa tatu baada ya kuzika wawili, ukoo mzima unamtazama yeye kama mchawi. Hatukuwa na la kumwambia. Tulimpa foliki asidi na pole.

Baba Zawadi, huyo nesi aliyemfundisha mkeo mwombeeni.

Mtakwimu mkataba

Nilikuwa mmoja wa "wale vijana wa mradi", si mradi wako, mwingine. Naomba nieleze upande wetu maana wazazi wengi wanadhani tuliwatoroka.

Ruzuku ya utafiti huja kwa miaka, tuseme mitano. Mwaka wa kwanza ni vibali vya maadili, kuagiza mashine, kuajiri. Mwaka wa tano tayari unaandika ripoti na nusu ya wenzako wameshatafuta kazi kwingine. Kati ya hapo ndipo wagonjwa wanapotunzwa vizuri. Simu za kuwafuatilia wazazi zinalipwa na kifungu cha bajeti. Kifungu kikiisha, laini inakatwa. Mimi nilirudisha simu ile ya ofisi mezani ikiwa na ujumbe wa mama anayeuliza kliniki ni lini. Nimeikumbuka mara nyingi.

Na kuna friza. Sampuli za miaka mingi ziko kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika jenereta lazima iwake ndani ya muda mfupi. Mfadhili hununua friza, hanunui dizeli ya miaka kumi ijayo. Damu ile watoto walichomwa sindano ili ipatikane.

Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku zenye mgawo kwa taasisi za nje ya Marekani mpaka itengeneze utaratibu mpya. Walio kwenye kazi hizi wanajua maana yake. Chuo cha Marekani kilikuwa kinapokea, kinatugawia. Mlango ukafungwa kwa tangazo, na sisi huku hatukuwa na sauti kwenye kikao chochote. Ndiyo maana naunga mkono hoja ya mwanzisha uzi. Nchi za Umoja wa Afrika ziliahidiana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tume yetu ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ipo, wataalamu wapo, wamesomeshwa kwa fedha hizohizo za wageni. Tukianza na kulipia wale wanaopiga simu na dizeli ya friza, hata mfadhili mpya akija atakuta nyumba ina mtu.

Dada wa Kilifi

Mtakwimu, umenigusa na hiyo simu. Ushauri wa kuanzia: wazazi wenyewe tuwe na daftari. Siyo la utafiti, la kwetu. Huku kikundi chetu kina jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, dawa, na namba mbili za simu. Afisa wa afya wa kaunti akija hatumwambii "wagonjwa ni wengi", twamfungulia ukurasa.

Mpimaji wa Kanda ya Ziwa

Daftari ni sahihi, ila mlitunze. Majina ya watoto yasizagae kwenye makundi ya WhatsApp. Na mtenge safu ya kundi la damu na kipimo cha mwisho cha himoglobini, siku ya dharura inasaidia.

Baba Zawadi

Nimerudi baada ya siku nne. Nilifanya alivyosema dada wa Kilifi. Wazazi tuliokuwa tunakaa benchi moja tulipeana namba zamani, nilikuwa nazo nyuma ya kadi ya kliniki ya Zawadi. Namba kumi na moja. Nimenunua daftari gumu, jana jioni tukaketi na mke wangu, yeye anasoma namba mimi napiga.

Wanane walipokea. Watano bado wanahudhuria kliniki, sehemu tofauti. Wawili waliacha dawa tangu mradi uishe, walidhani dawa nazo zilikuwa za mradi. Nimewaelekeza, Jumatatu tunakwenda nao pamoja. Wa nane ni mama wa Kibaha. Alinyamaza kidogo, akasema mwanawe alifariki mwezi Machi, na kwamba mimi ni mtu wa kwanza kumpigia kuulizia.

Nimemwandika na yeye. Jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya Machi.